Tusingoje diploma ndipo tuulize njia



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Taifa yakitoka, ule tunaouita wote Exetat, furaha inajaa mitaani. Walioshinda wanapakwa poda nyeupe kichwani, wenzao wanaimba barabarani, wamama wanapiga vigelegele. Halafu, siku ya tatu au ya ine, poda imekwisha kuoshwa na swali linaingia nyumbani: "Sasa unaenda wapi?" Wengi wanaanza kutafuta jibu siku ile ile.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko kalasi ya mwisho, ile ya ine ya umanite, ambayo wakubwa wetu waliiita ya sita. Tunataka kusema jambo moja tu: swali lile linakuja kwa kuchelewa. Shule inatufundisha miaka mingi namna ya kupata diploma, na tunaishukuru. Lakini katika orodha ya saa za juma zima hakuna hata saa moja ya kutuonyesha diploma ile inaweza kutupeleka wapi. Tunaomba saa hiyo iwekwe. Na tunaomba ianze katika kalasi ya nane, isingoje mwisho wa safari.

Kwa nini kalasi ya nane? Kwa sababu watu wengi wanadhani uchaguzi mkubwa ni ule wa chuo kikuu, na si kweli. Uchaguzi wa kwanza tunaufanya tungali watoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na mine, wakati wa kuingia umanite. Hapo ndipo mtu anasema: sayansi, au pedagojia, au biashara, au ufundi. Serikali yenyewe inajua kwamba hapo ni njia panda. Ndiyo sababu iliweka TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi mwisho wa kalasi ya nane. Ni vizuri. Lakini mtihani unapima yale mtoto anayoyajua. Mtihani hauwezi kukaa naye chini ya mti na kumwuliza anapenda nini, wala kumweleza kila opsio inafungua mlango gani.

Tuseme wazi, kwa faida ya wadogo zetu. Diploma ya taifa ni moja kwa wote: ukipata asilimia 50 umeshinda, na unaweza kwenda kuandikishwa chuo kikuu. Kwa hiyo wengine wanasema opsio haina maana. Kumbe karatasi ni moja lakini matayarisho si moja. Aliyesoma biashara miaka mine akienda kuketi katika udaktari, atakuta wenzake wanazungumza kemia kama watu wanaozungumza luga ya mama yao, na yeye anaanza na herufi. Fakulte ya udaktari mara nyingi inatazama asilimia ya juu kuliko 50, tena inaweka mtihani wa kuingia. Na mwenye kutaka uhandisi bila hesabu za kutosha anakwenda kuumia.

Tena kuna opsio ambazo zinakupa kazi mkononi hata kabla ya chuo kikuu. Aliyemaliza pedagojia anaweza kufundisha shule ya msingi. Aliyemaliza katika shule ya ufundi wa afya, tunayoiita ITM, ni muuguzi wa A2. Mtoto wa nyumba yenye shida angejua hayo kwa wakati, angeweza kuchagua kwa akili: nifanye kazi kwanza, nikusanye franga, kisha niendelee. Lakini nani anamwambia akiwa na miaka kumi na mine?

Usiseme kwamba leo hatuna washauri. Tunao, tena watatu, na wote watatu wanatudanganya bila kutaka.

Mshauri wa kwanza ni kundi. Ukiuliza finalisti kwa nini amechagua sheria, utasikia: "Mi naenda mu sheria, bote banaenda kule." Mwaka mwingine kundi linahamia uchumi, mwaka mwingine udaktari. Kundi linajua kukimbia, halijui linakokwenda. Hatusemi kwamba sheria ni masomo mabaya. Inchi yetu inahitaji wanasheria wa haki. Tunasema kwamba mtu asiyependa kusoma vitabu vinene, wala kusimama na kutetea neno lake mbele ya watu, hatageuka mwanasheria kwa sababu rafiki zake watano wameketi naye ukumbini.

Mshauri wa pili ni yule ndugu wa jamaa mwenye makuta. Ni baba mdogo wa mjini, ndiye atakayelipa, basi ndiye atakayesema. Tunamheshimu, na hatuna neno la dharau juu yake. Lakini mara nyingi anajua shule ya wakati wake tu. Bado anasema: "Utafanya graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili." Njia hiyo imekwisha kubadilika. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi iliingia kwa jumla katika mpango wa LMD: licence miaka mitatu, master miaka miwili, doctorat miaka mitatu. Masomo yanahesabiwa kwa krediti, 60 kila mwaka, maana yake 180 kwa licence. Udaktari una njia yake ndefu zaidi. Mzazi anayepanga fedha za miaka mitano kwa jina la zamani, na mtoto anayesoma kwa jina jipya, watakosana katikati ya njia, na hakuna aliyekosea kwa ubaya.

Mshauri wa tatu ni asilimia. Mwenye 70 anaambiwa: "Wewe ni udaktari." Mwenye 52 anaambiwa: "Wewe nenda kafanye ualimu." Neno hili linatuuma kwa pande mbili. Linamlazimisha mwenye akili kwenda mahali asipopapenda. Tena linadharau kazi ya ualimu, kana kwamba ni shimo la kutupia waliobaki. Je, walimu wetu wanaosoma ukurasa huu walitupwa humu? Tunajua wako ambao waliichagua kazi hii, na tunawatambua kwa namna wanavyoingia kalasini. Shule inayowaelekeza walio dhaifu tu kwenye ualimu inajiharibia walimu wa kesho.

Wazee wanapenda kutupatia mfano wa Dakitari Denis Mukwege, na ni mfano mzuri, kwa kuwa ni mtoto wa Kivu na mtoto wa mchungaji. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, akamaliza sekondari mwaka 1974. Leo kila mtu anajua Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999, na zawadi ya Nobel ya amani ya mwaka 2018. Lakini watu wanasahau katikati. Baada ya sekondari alipitisha miaka miwili Kinshasa katika fakulte ya uhandisi. Mwaka 1976 ndipo aliingia masomo ya udaktari Bujumbura, akayamaliza mwaka 1983. Wazee wanatusimulia habari hiyo ili tuvumilie. Sisi tunaona ndani yake neno la pili: hata mtu huyu alihitaji miaka miwili kabla ya kufika kwenye mlango wake. Yeye alikuwa na nguvu ya kuacha, kuvuka mpaka na kuanza upya. Ni wangapi kati yetu wanaweza kulipiwa mara mbili?

Wengine watasema: "Sisi tulisoma bila mshauri, mbona tulifika?" Tunajibu kwa heshima: wakati wenu milango ilikuwa michache. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, chuo cha Lubumbashi kikafuata mwaka 1956, na Waprotestanti walifungua chuo chao Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyote vitatu kuwa UNAZA. Aliyetaka luga na fasihi alijua: ni Lubumbashi. Aliyetaka saikolojia na elimu ya malezi: ni Kisangani. Mwaka 1981 vilitenganishwa tena, na baadaye milango ikaongezeka. Hapa kwetu mashariki tuliona ULPGL Goma mwaka 1985, chuo cha Wakatoliki Bukavu mwaka 1989, na UEA ya makanisa ya Kiprotestanti Bukavu mwaka 1991, bila kusahau ISP ya walimu, ISTM ya ufundi wa afya, ISDR ya maendeleo ya vijijini, na vingine vingi vyenye vibao barabarani. Zamani shida ilikuwa mlango wenyewe. Siku hizi shida ni kuchagua kati ya milango, na si kila mlango una nyumba nyuma yake.

Neno hili la mwisho linataka tusimame kidogo. Kila mwaka wajumbe wa vyuo wanakuja shuleni kwetu, wanagawa karatasi zenye picha. Tunawakaribisha. Lakini mwenye kuuza ndizi hawezi kukuambia kwamba ndizi zake ni mbichi. Kuna vyuo ambavyo Wizara imekwisha kuvifunga kwa sababu havikutimiza masharti, na wanafunzi wao wakabaki na miaka isiyohesabiwa. Mwanafunzi peke yake anaogopa kuuliza mjumbe aliyevaa koti: "Chuo chenu kinatambuliwa na serikali? Fakulte hii ina walimu wangapi wanaokaa hapa, na wangapi wanaokuja kwa ndege juma moja kisha wanarudi? Maabara iko wapi? Waliomaliza wanafanya kazi gani?" Mwalimu aliyewekwa kwa kazi ya kushauri hataogopa. Atauliza mbele yetu, nasi tutajifunza kuuliza.

Sasa tuzungumze juu ya makuta, kwa kuwa ndiyo yanayowanyamazisha wengi. Wengine wanasema: "Chuo kikuu ni cha wenye mali. Mtoto wa mkulima mshauri atamsaidia nini?" Sisi tunaona kinyume. Mtoto wa tajiri akipotea, baba atalipa tena. Mtoto wa mkulima akipotea, ng'ombe imekwisha kuuzwa na shamba limekwisha kuwekwa rehani. Mwenye kidogo ndiye anayehitaji shauri kuliko wote. Na hesabu yenyewe haijulikani nyumbani. Mzazi anauliza minervali peke yake. Hakuna anayemwambia kwamba kuna nyumba ya kupanga, chakula, silabusi za kununua, safari, gharama za kazi ya mwisho na za mazoezi ya kazi. Mwanafunzi anaanza mwezi wa kumi na furaha, na kabla ya Pasaka yuko nyumbani anachunga mbuzi, na kijiji kinasema ni mvivu. Hakuwa mvivu. Hakuna aliyemsaidia kuhesabu.

Tena mshauri angetufundisha kuwa na mlango wa pili. Vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza wa 2025 na Bukavu mwezi wa pili, barabara zilikatika, benki zilifungwa, familia zilitawanyika. Aliyekuwa na mpango mmoja tu alibaki mikono kichwani. Katika inchi kama yetu, kupanga njia mbili si kukosa imani. Ni akili ya mtu anayevuka mto akiwa amekwisha kutazama mahali pawili pa kukanyaga.

Tusiwasahau dada zetu. Wavulana wanaulizwa: "Utasoma nini?" Wasichana wanaulizwa: "Utaolewa lini?" Tunao wenzetu wasichana wanaotushinda katika hesabu kila kipindi, lakini jina la uhandisi halijatamkwa hata siku moja mbele yao kama kitu chao. Na wengine wana maswali ambayo hawawezi kumpelekea mwalimu mwanaume. Kwa hiyo mshauri mmoja hatoshi. Tunaomba wawe wawili, bwana mmoja na mama mmoja.

Tunajua majibu mengine yatakayokuja. Watu watasema: "Kwanza mpate diploma, mengine yatafuata." Lakini mtu anayejua anakokwenda anasoma vizuri zaidi. Anayetaka kilimo hatalala katika biolojia. Anayetaka uuguzi hataona kemia kama adhabu. Watu watasema pia: "Kazi hazipatikani, mshauri ataleta kazi?" Hapana, hataleta. Lakini anaweza kutuambia ukweli huo mapema, na kutuonyesha masomo ambayo mtu anaweza kujitumikisha nayo bila kungoja barua ya serikali: kilimo, mifugo, ujenzi, umeme, ufundi wa magari. Na watu watasema: "Wazazi ndio wanaoamua." Ni kweli. Ndiyo sababu tunataka wazazi nao waitwe na waelezwe, wasiachwe waamue gizani.

Bwana Prefe, walimu wetu, haya ndiyo maombi yetu, na mtaona kwamba hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, walimu wawili watajwe, na wapewe saa moja kila juma, katika chumba kinachojulikana, mlango wazi. Mwanafunzi wa kalasi yoyote aweze kuingia, hata mwenye asilimia 45.

Pili, kuwe daftari la wanafunzi wa zamani wa shule hii. Ndani yake tuandike: alichukua opsio gani, alienda wapi, miaka mingapi, ilimgharimu nini, anafanya nini sasa, angewaambia nini wadogo zake. Tusiandike wenye kufunga tai peke yao. Tuandike na walioacha katikati, kwa kuwa wao ndio wanaojua mashimo ya njia. Kama hawataki jina lao lionekane, jina lifichwe, habari ibaki.

Tatu, mara moja kila kipindi, siku ya Jumamosi, aitwe mtu wa kazi fulani: muuguzi, mtaalamu wa kilimo, mwashi, karani wa mahakama. Asije kutoa hotuba. Aje atueleze siku yake moja ya kazi, tangu asubuhi hata jioni.

Ine, kabla ya TENASOSP, wazazi wa kalasi ya nane waitwe na kuelezwa kila opsio, kwa Kiswahili, bila maneno makubwa.

Na mshauri mwenyewe akumbuke kwamba kazi yake si kuchagua mahali petu. Tukimwuliza "Nifanye nini?", atujibu kwa maswali: "Unafanya nini bila kulazimishwa? Somo gani linakupa taabu ambayo unaipenda? Nyumbani wana uwezo gani? Ukishindwa hapa, utashika wapi?" Shauri likigeuka amri, tumerudi kwa baba mdogo wa mjini.

Sisi wanafunzi nasi tuna sehemu yetu. Hatutangoja daftari lianguke toka mbinguni. Kamati ya gazeti hili iko tayari kulianza wakati wa mapumziko ya kipindi hiki. Kila mmoja wetu aende kwa mtu mmoja wa mtaa wake aliyepita shule hii, amwulize maswali yale, alete jibu kwa karatasi moja. Tukiwa thelathini, tutarudi na njia thelathini. Saa na chumba shule itaviamua. Kalamu tunazo.

Na ninyi wadogo zetu wa kalasi ya saba na ya nane, msiseme habari hii ni ya wakubwa. Ni yenu kuliko yetu. Sisi opsio zetu zimekwisha kuandikwa, ninyi karatasi yenu ingali nyeupe. Kuuliza si ujinga. Ulizeni mwaka huu.